Leseni, Haki na Toleo: Tatizo la Istilahi za Kiswahili katika Upandishaji wa Mifumo-endeshi ya Swichi za Mtandao

Ikisiri

Makala haya yanachunguza istilahi za Kiswahili zinazotumika kuelezea masharti ya leseni pale mfumo-endeshi wa swichi ya mtandao unapobadilishwa toleo. Hoja kuu ni kwamba neno leseni, jinsi linavyotumiwa hivi sasa, limebebeshwa dhana nne zilizo tofauti. Aidha, vitenzi kusasisha, kuboresha na kupandisha hutumiwa kana kwamba ni visawe, ilhali kila tendo lina masharti yake. Mifano imechukuliwa katika swichi za Catalyst za kampuni ya Cisco ya Marekani, kwa kuwa historia ya masharti yake inaonyesha waziwazi jinsi dhana hizo zilivyotengana. Mwishoni yanatolewa mapendekezo ya istilahi, pamoja na mfano wa kifungu cha zabuni kilichoandikwa upya.

1.0 Utangulizi

Tangu Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa nchini Tanzania mwaka 1967, kazi ya kuunda na kusanifisha istilahi imekuwa mojawapo ya shughuli kuu za wanaisimu wa Kiswahili. Katika uwanja wa kompyuta mjadala umeelekea zaidi kwenye majina ya vitu: je, tuseme kompyuta au tarakilishi, tuseme programu au tutafute neno la Kibantu? Mjadala huo una manufaa yake. Hata hivyo, umeacha kando upande mmoja wa lugha ya teknolojia ambao unamgusa mtumiaji mfukoni na mahakamani, yaani lugha ya masharti.

Upande huo sasa hauwezi kupuuzwa. Mwaka 2021 Bunge la Tanzania lilipitisha Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali Na. 1, ambayo iliifanya lugha ya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya utoaji haki nchini, huku ikiacha nafasi ya kutumia Kiingereza pale maslahi ya haki yanapohitaji hivyo. Maana yake ni kwamba mgogoro kuhusu programu ya kompyuta unaweza kusikilizwa kwa Kiswahili, na hakimu atayapima maneno ya Kiswahili yaliyotumiwa na pande mbili. Iwapo maneno hayo hayatofautishi haki na ufunguo, wala marekebisho na toleo jipya, hukumu nayo itapata taabu kuvitofautisha.

Tumechagua swichi ya mtandao kwa sababu mbili. Kwanza, ni kifaa ambacho takriban kila chuo, hospitali na ofisi kubwa inacho, ingawa watumiaji wengi hawakioni kwa kuwa kimefungiwa kabatini. Pili, katika swichi chuma na programu hununuliwa pamoja, na hapo ndipo mnunuzi anaposahau kwamba amenunua vitu viwili vyenye sheria mbili.

2.0 Swichi, mfumo-endeshi wake na sheria

Swichi huunganisha kompyuta, simu za mezani, kamera na vifaa vingine ndani ya jengo au eneo moja. Hupokea furushi la data katika mlango mmoja na kulipeleka kwenye mlango unaohusika tu. Kazi hiyo husimamiwa na mfumo-endeshi, ambao fundi hulazimika kuubadilisha mara kwa mara kwa sababu tatu: kuziba kasoro za usalama zilizogunduliwa, kupata uwezo mpya, au kuachana na toleo ambalo mtengenezaji ametangaza kwamba hatalihudumia tena.

Kisheria, mfumo-endeshi ni maandishi. Kifungu cha 10 cha Mkataba wa Shirika la Biashara Duniani kuhusu haki za ubunifu, wa mwaka 1994, kinaagiza kwamba programu za kompyuta zilindwe kama kazi za fasihi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 na Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 nazo zinaziweka programu katika kundi hilo. Kwa hiyo, mbele ya sheria, mfumo-endeshi wa swichi umekaa safu moja na riwaya na diwani, na mwanafunzi wa fasihi hana sababu ya kuuona kuwa mgeni asiyemhusu.

Lakini ufanano huo una mpaka. Anayenunua riwaya humiliki nakala yake. Anaweza kuiazimisha, kuigawa au kuiuza. Anayenunua swichi humiliki chuma, na juu ya programu iliyomo hupewa haki ya kuitumia kwa masharti. Mahakama za nchi mbalimbali hazikuamua jambo hili kwa namna moja. Mwaka 2010, katika shauri la Vernor dhidi ya Autodesk, Mahakama ya Rufani ya Mzunguko wa Tisa nchini Marekani iliamua kwamba mtu aliyepewa programu kwa leseni yenye vizuizi vikubwa vya kuihamisha na kuitumia si mmiliki wa nakala yake, hivyo hana uhuru wa kuiuza kama mwenye kitabu. Mwaka 2012, katika shauri la UsedSoft dhidi ya Oracle, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba aliyelipia haki ya kutumia nakala bila kikomo cha muda anaweza kuiuza, mradi aifanye nakala yake mwenyewe isitumike tena. Tofauti hii inatuonyesha kwamba hata katika nchi zilizotangulia kutunga masharti haya, maana ya kununua programu bado ni swali na si jibu.

3.0 Neno leseni katika Kiswahili

3.1 Leseni katika matumizi ya kawaida

Neno leseni limeingia katika Kiswahili kutoka Kiingereza na limezoeleka katika virai kama hivi:

(1) a. leseni ya udereva
    b. leseni ya biashara
    c. leseni ya uvuvi

Virai hivi vina sifa mbili za kisemantiki zinazofanana. Kwanza, mtoaji wa leseni ni mamlaka ya umma. Pili, mpewa leseni kwa kawaida ana mali yake tayari: gari, duka au mtumbwi. Leseni inahusu mwenendo wake katika kuitumia mali hiyo, wala haihusu umiliki. Dereva aliyenyang'anywa leseni bado ana gari lake uani.

Sasa tulinganishe na kirai hiki:

(2) leseni ya mfumo-endeshi wa swichi

Hapa mtoaji ndiye mwenye mali, na mpewa hana kitu juu ya programu isipokuwa kile alichopewa. Leseni ikiondoka, haki ya kuitumia programu nayo imeondoka. Kimofolojia na kisintaksia (1) na (2) havitofautiani. Vyote vina muundo wa nomino na kiunganifu cha -a. Tofauti yote imejificha katika semantiki, na msomaji anayetoka katika (1) huingia katika (2) akiwa na mazoea yake: huichukua leseni kuwa karatasi ya kumridhisha mkaguzi. Ndiyo maana husikika kauli kwamba swichi ni yetu, leseni tutaishughulikia baadaye. Kwa gari kauli hiyo ina mantiki, hata kama ni ya kosa. Kwa mfumo-endeshi inachanganya mali ya mtu mmoja na ya mwingine.

3.2 Nyumba na ardhi

Isidhaniwe kwamba utamaduni wa Waswahili hauna dhana ya kumiliki kitu kilichosimama juu ya mali ya mwingine. Mjini Mombasa kuna desturi inayojulikana sana ya nyumba bila ardhi: mwenye nyumba amejenga kwa fedha zake, anaweza kuirithisha au kuiuza, lakini kiwanja ni cha mtu mwingine, naye humlipa mwenye ardhi kodi. Vivyo hivyo, katika sehemu nyingi za pwani na visiwani, mtu huweza kumiliki minazi au mikarafuu bila kumiliki udongo iliyoota.

Dhana hii inafaa kuliko ile ya leseni ya udereva. Chuma cha swichi ni nyumba. Programu ni ardhi. Mnunuzi wa nyumba asiyeuliza habari za ardhi atagundua baadaye kwamba muuzaji alimwuzia alichokuwa nacho tu. Hali ndivyo ilivyo kwa swichi kuukuu zinazouzwa au kutolewa msaada. Kwa mujibu wa sera ya Cisco, haki ya kutumia programu kwa kawaida haihami pamoja na chuma kwenda kwa mmiliki mpya. Isipokuwa pale sera yenyewe au sheria ya nchi inaporuhusu vingine, mmiliki huyo anatakiwa kupata haki yake mwenyewe. Chuo kinachopokea swichi za msaada, kwa hiyo, kinapokea nyumba. Swali la ardhi linabaki pale pale.

4.0 Awamu nne za masharti

Masharti ya leseni za swichi za Catalyst yamepitia awamu nne. Tunazieleza kwa kuwa katika kila awamu neno leseni lilipata maana nyingine bila kuiacha ile ya kwanza.

Awamu ya kwanza ni ya faili tofauti. Katika swichi kama Catalyst 3750, kila daraja la uwezo lilikuwa na faili lake la mfumo-endeshi, na jina la daraja liliandikwa ndani ya jina la faili. Mwenye daraja la IP Base alitakiwa kupakia faili la IP Base. Mwenye IP Services, faili la IP Services. Swichi yenyewe haikumwuliza fundi alikuwa na haki ipi. Leseni ilikuwa ahadi iliyoandikwa kwenye mkataba, na uaminifu wa mtumiaji ndio uliokuwa mlinzi.

Awamu ya pili ni ya ufunguo. Kuanzia swichi za Catalyst 3750-E na 3560-E lilitolewa faili moja lenye uwezo wote, na daraja likafunguliwa kwa faili dogo la leseni. Mnunuzi alipewa msimbo wa idhini, akaupeleka kwenye tovuti ya kampuni pamoja na utambulisho wa kifaa, yaani aina yake na namba yake ya utengenezaji, kisha akapewa faili linalofanya kazi katika kifaa hicho tu. Hapo leseni ikawa kitu kinachoweza kunakiliwa, kupotea au kufutika. Fundi alianza kusema "leseni imepotea", kauli ambayo katika awamu ya kwanza isingekuwa na maana.

Awamu ya tatu ni ya kukiri. Katika swichi za Catalyst 3850, zilizotolewa mwaka 2013, hakukuwa na haja ya faili la ufunguo. Fundi aliandika amri ya kuwasha daraja analolitaka na kukiri kwamba ameyakubali masharti. Aliyetaka kujaribu aliweza kuwasha daraja la juu kwa majaribio ya siku 90. Utaratibu huu uliitwa kwa Kiingereza jina lenye maana ya haki ya kutumia, na tutaona katika sehemu ya 6.0 jinsi jina hilo linavyoweza kupotosha.

Awamu ya nne ni ya hesabu kuu. Kuanzia toleo la 16.9.1 la mfumo-endeshi wa IOS XE, swichi za Catalyst 3650, 3850 na 9000 zilihamishiwa kwenye utaratibu ambamo haki zote za taasisi huwekwa katika akaunti moja kwenye kituo cha Cisco, na kila swichi hujisajili huko. Swichi isiyosajiliwa huhesabiwa kuwa katika majaribio ya siku 90. Muda huo ukipita huendelea kupitisha data, lakini hutoa maonyo kwamba haijatimiza masharti. Kisha, kuanzia toleo la 17.3.2a, usajili wa lazima na kipindi cha majaribio viliondolewa. Mahali pake pakawekwa wajibu wa kutoa taarifa: swichi huweka kumbukumbu ya leseni inazotumia, na taarifa hiyo hufikishwa kituoni kwa muda uliowekwa na sera, moja kwa moja au kwa kubebwa kama faili pale ambapo mtandao haujaunganishwa na nje. Ni leseni chache tu, hasa zinazohusu vizuizi vya Marekani vya kusafirisha teknolojia nje, zinazohitaji idhini kabla ya kutumiwa.

Ndani ya awamu hii liliingia pia suala la muda. Swichi za Catalyst 9000, zilizoanza kutolewa mwaka 2017, ziliuzwa na leseni za tabaka mbili: Network Essentials au Network Advantage, ambazo hazina kikomo cha muda, na juu yake leseni za jina la DNA, zilizokatwa kwa miaka 3, 5 au 7. Taasisi moja ikawa na leseni isiyokwisha na nyingine inayokwisha, ndani ya kifaa kimoja.

Tukikusanya awamu hizo nne, tunaona kwamba neno leseni limepewa maana za (i) haki iliyonunuliwa, (ii) faili au msimbo unaofungua, (iii) tamko la kukubali masharti, na (iv) hesabu inayotolewa taarifa. Juu ya hizo mafundi huongeza ya tano kwa makosa: mkataba wa huduma ya kila mwaka, ambao kwa hakika si leseni, bali ndio kwa kawaida unaompa mteja ruhusa ya kuchukua matoleo mapya kutoka kwenye hazina ya kampuni.

Jambo moja la kiutendaji linatokana na historia hii, nalo ndilo linalowakwaza wengi. Kubadilisha toleo kunaweza kumhamisha mtumiaji kutoka awamu moja kwenda nyingine. Swichi iliyotoka toleo la 16.6 kwenda 16.12 imevuka mpaka wa 16.9.1. Chuma ni kile kile, kazi ni ile ile, lakini masharti ya kuthibitisha haki yamebadilika usiku mmoja.

5.0 Vitenzi: kusasisha, kupandisha toleo, kupandisha daraja

Tuzingatie sentensi hii:

(3) Fundi ameboresha swichi.

Sentensi hii ina tafsiri zisizopungua tatu:

(4) a. Fundi ameweka marekebisho ya kasoro ndani ya toleo lile lile.
    b. Fundi ameweka toleo kuu jipya.
    c. Fundi amefungua uwezo wa daraja la juu.

Kwa msikilizaji wa kawaida tofauti hizi ni ndogo. Kwa masharti ya leseni ni kubwa sana. Tendo (4c) linahitaji haki mpya kununuliwa, hata kama hakuna faili lililobadilishwa. Tendo (4b) halihitaji kununua daraja jingine, ila kwa kawaida linahitaji mkataba wa huduma ulio hai, na linaweza kuvuka mpaka wa awamu. Tendo (4a) ndilo jepesi zaidi, na linastahili kuangaliwa kwa makini.

Katika matangazo yake ya kasoro za usalama, Cisco hueleza kwamba wateja wasio na mkataba wa huduma wanaweza kuomba programu iliyorekebishwa kutoka kituo chake cha msaada wa kiufundi, wakitoa namba ya utengenezaji ya kifaa na anwani ya tangazo linalohusika. Kampuni huongeza masharti kwamba mteja awe na leseni halali ya programu hiyo, na kwamba marekebisho hayo hayampi leseni mpya, wala daraja la juu, wala toleo kuu jipya. Kwa maneno mengine, masharti yenyewe yanatenganisha (4a) na (4b) na (4c), kisha yanaifungulia mlango (4a) peke yake.

Hapa ndipo uhaba wa istilahi unapoleta hasara ya kweli. Fundi anayeambiwa kwamba leseni ya chuo imekwisha, ilhali kilichokwisha ni mkataba wa huduma, huacha kuweka hata marekebisho ya usalama ambayo chuo kina haki ya kuyaomba. Swichi inabaki na tundu lililokwisha kutangazwa duniani. Kwa upande mwingine, fundi aliyeruhusiwa kuboresha hujiona ameruhusiwa na (4c), akawasha uwezo usiolipiwa. Utata ule ule wa neno unamfanya mmoja adai pungufu ya haki yake na mwingine apite kiasi.

Kiswahili kina vitenzi vya kutosha kutenganisha matendo haya. Kusasisha, kitenzi kilichoundwa kutokana na sasa kwa kiambishi cha usababishi, kinabeba vyema maana ya kukifanya kitu kiendane na wakati bila kukigeuza. Tunapendekeza kibaki kwa (4a). Kwa (4b) tuna kupandisha toleo. Kwa (4c) tuna kupandisha daraja, msemo unaojulikana na kila mtumishi wa umma. Ufanano huo si wa bahati mbaya. Mtumishi hapandi daraja kwa kuwa ameweza kazi ya daraja la juu, bali kwa barua yenye mamlaka. Swichi nayo ni hivyo hivyo: kuweza si kuruhusiwa. Kuboresha tungekiacha katika lugha ya jumla na kukiondoa kabisa katika mikataba.

6.0 Neno kama tendo

Amri iliyotumika katika awamu ya tatu inamalizika kwa neno moja lisilo na nafasi ndani yake: acceptEULA. Sehemu ya kwanza ni kitenzi cha Kiingereza cha kukubali. Ya pili ni kifupisho cha jina la mkataba wa leseni wa mtumiaji wa mwisho. Fundi asipoliandika neno hilo ndani ya amri, mashine humtolea masharti na kusubiri akubali.

J. L. Austin, katika mihadhara iliyochapishwa mwaka 1962, alionyesha kwamba kuna kauli ambazo kuzitamka ni kutenda. Mfano ulio karibu nasi ni wa bwana harusi anayesema "nimekubali" mbele ya mashahidi: hatoi habari za ndoa, anaoa. Neno acceptEULA ni la aina hiyo. Anayeliandika hatoi habari za mkataba, anaufunga.

Lakini Austin alisisitiza pia kwamba kauli tendi huhitaji masharti yatimie: msemaji awe mtu anayestahili, katika hali inayostahili. Katika ndoa kuna walii na mashahidi. Katika chumba cha swichi, saa sita usiku, kuna fundi mmoja na kebo. Je, ana mamlaka ya kuifungamanisha taasisi? Amesoma masharti? Anajua kwamba mashine haijathibitisha kama haki imenunuliwa? Jina la utaratibu huo linapotafsiriwa "haki ya kutumia" bila maelezo, msomaji hudhani kwamba kuandika amri kunazalisha haki. Ukweli ni kinyume chake: amri inadai kwamba haki ipo tayari. Tafsiri sahihi zaidi, kwa maoni yetu, ingekuwa tamko la haki ya kutumia, kwa sababu tamko linaweza kuwa la kweli au la uongo, nalo linabaki mikononi mwa aliyelitoa.

7.0 Mfano wa kifungu cha zabuni

Tuchukue mfano wa kubuni. Tuseme mwaka 2020 chuo kimoja kilikuwa na swichi 12 za Catalyst 3850 zenye toleo la 16.6. Swichi 8 kilizinunua chenyewe. 4 zilitoka kwa mfadhili aliyezitumia kwanza nje ya nchi. Chuo kikatangaza zabuni yenye kifungu hiki:

(5) Mzabuni ataboresha swichi zote pamoja na leseni zake.

Mzabuni aliweka toleo la 16.12, akaonyesha kwamba swichi zote zinafanya kazi, akalipwa. Baada ya siku 90 maonyo yakaanza kutokea. Chuo kikasema mzabuni hakuleta leseni. Mzabuni akajibu kwamba leseni zilikuwa zimewashwa tangu zamani, na yeye hakuagizwa kupandisha daraja. Kila upande ulikuwa na Kiswahili chake, na kifungu (5) kiliziunga mkono pande zote mbili.

Tukikichambua, kifungu hakikusema tendo gani kati ya (4a), (4b) na (4c). Hakikusema iwapo leseni ni haki, ufunguo, tamko au taarifa. Kiwakilishi zake nacho kinaashiria kwamba leseni ni mali ya swichi, ilhali ni haki ya taasisi. Kwa swichi 4 za msaada, haki hiyo huenda haikuwapo tangu mwanzo. Kifungu kilichofaa kingekuwa kama ifuatavyo:

(6) a. Mzabuni atapandisha toleo la mfumo-endeshi wa swichi 12 kutoka 16.6 hadi 16.12, bila kupandisha daraja.
    b. Kabla ya kazi kuanza, chuo kitathibitisha kwa hati haki ya kutumia kwa kila swichi, kwa namba yake ya utengenezaji. Swichi isiyo na haki haitaguswa mpaka haki ipatikane.
    c. Mzabuni atasajili haki hizo katika akaunti iliyo kwa jina la chuo na kuonyesha kwamba kila swichi imetambuliwa.
    d. Tamko lolote la kukubali masharti litafanywa baada ya idhini ya maandishi ya afisa aliyetajwa katika mkataba huu.
    e. Gharama za mkataba wa huduma zitaonyeshwa mbali na gharama za haki ya kutumia.

Kifungu (6) ni kirefu kuliko (5), lakini hakina istilahi hata moja ngeni. Maneno yote yamo katika Kiswahili cha kila siku cha ofisi. Kilichokosekana katika (5) ni utengano wa dhana, wala si msamiati.

8.0 Mapendekezo

Kutokana na uchambuzi huu tunapendekeza mgawo ufuatao:

(i) Haki ya kutumia: kile kinachonunuliwa au kutolewa na mwenye hakimiliki. Neno leseni, likitumika peke yake, limaanishe hiki tu.
(ii) Ufunguo wa leseni: faili au msimbo unaofungua uwezo katika kifaa.
(iii) Tamko la haki: kauli ya mtumiaji kwamba anayo haki na ameyakubali masharti.
(iv) Taarifa ya matumizi: hesabu inayopelekwa kwa mtengenezaji.
(v) Mkataba wa huduma: makubaliano ya muda yanayompa mteja msaada na ruhusa ya kuchukua matoleo mapya.
(vi) Kusasisha, kupandisha toleo na kupandisha daraja: kama ilivyoelezwa katika sehemu ya 5.0.

Inaweza kupingwa kwamba mgawo huu ni wa kampuni moja, na kwamba dawa ni kuhamia mifumo-endeshi huria kama SONiC, ulioanzishwa na Microsoft mwaka 2016 na kuhamishiwa kwa Linux Foundation mwaka 2022. Hoja hiyo ina uzito wa kiuchumi, lakini haiondoi tatizo la istilahi. Programu huria nayo ina leseni, na kiini cha Linux kilichomo ndani yake kina masharti yanayomgusa anayeisambaza. Juu ya jambo hili Kiswahili kina bahati: Kiingereza hutumia neno moja kwa kisichofungwa na kisicholipiwa, nasi tunayo mawili, huria na bure. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili mwaka 2004, uliwaonyesha watumiaji wetu kwamba kazi ya namna hiyo inawezekana. Kama tuliweza kutenganisha huria na bure, hakuna sababu ya kushindwa kutenganisha haki na ufunguo.

9.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba tatizo la leseni katika upandishaji wa mifumo-endeshi ya swichi ni la kiufundi kwa sehemu, la kisheria kwa sehemu, na kwa sehemu kubwa ni la lugha. Masharti ya mtengenezaji yamepitia awamu nne, nasi tumebaki na neno moja. Kazi ya kulitenganisha haiwezi kuachiwa mafundi, ambao hukutana nalo usiku wakiwa na haraka, wala maafisa ununuzi, ambao hukutana nalo likiwa limekwisha kuandikwa. Ni kazi ya wanaleksikografia, wafasiri na walimu wa Kiswahili. Utafiti zaidi unahitajika hasa juu ya lugha wanayoitumia mafundi wenyewe, ili istilahi zitakazosanifishwa zitoke midomoni mwao na kurudi kwao zikiwa zimenolewa.